Mbwa Wetu Meneja na Mtu wa Chumba cha Tatu

Genkuru, Jumapili jioni

Bhoke mwanangu,

Umekwenda kuaga kwa shangazi yako, na nawajua wale, hawatakuachia mpaka ule mara mbili. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kukaa na kalamu. Sikuandikii habari za kuchemsha maji wala kufunga mlango. Una miaka ishirini na tatu na umesomea unesi, mambo hayo utanifundisha wewe. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo linalokuhusu ambalo nimekuficha, na kesho unakwenda kuanza kazi mahali anapoishi mtu anayelijua.

Mtu huyo ni Mathayo, yule wa chumba cha tatu. Najua umeshakunja uso. Mimi ndiye niliyekufundisha kulikunjia uso jina hilo. Miaka yote hii ukisimulia habari za mbwa wetu Meneja unamalizia kwa kusema, "Halafu Mathayo akamuua." Mathayo hakumuua Meneja. Yuko Natta, ni kwao, ana mke na watoto, na siku moja ataingia kwenye hiyo zahanati yenu amembeba mtoto mwenye homa. Sitaki umtazame kwa macho niliyokupa mimi. Na sitaki habari hii uisikie kwa mtu mwingine, ukajiuliza mama yako ni mtu gani. Bora ujiulize ukiwa umeisikia kwangu.

Ile nyumba ya kupanga unaikumbuka kitoto, ua mkubwa na wenzako wa kucheza nao. Haukuwa mkubwa. Vilikuwa vyumba vinane, vinne vikitazamana na vinne, choo kimoja mwishoni. Mwenye nyumba aliijenga mbio mbio wakati watu walipokuwa wanamiminika huku kwa ajili ya dhahabu, kila mtu anatafuta pa kuweka godoro. Kuta za kugawa vyumba alizipandisha kidogo kupita mlango akaona zimetosha. Juu yake ni bati moja kwa wote, dari hakuna. Wa chumba cha kwanza akipiga chafya, wa chumba cha nne alikuwa anamwambia pole. Tulijua nani anakoroma, nani anasali, na nani anasema anasali.

Baba yako alikuwa ameshakwenda kwa wajomba zake upande wa Kenya. Alisema anafuata ng'ombe, na mpaka leo anawafuata. Alichotuachia ni mbwa. Vijana wa machimbo ndio waliomwita Meneja, kwa sababu, walisema, hana kazi nyingine ila kufoka. Na alifoka kweli. Alibwekea pikipiki, alibwekea wanaopita na mifuko ya mawe, alibwekea mvua. Sisi wanawake tukiketi uani kuponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, yeye alibweka kwa kila nyundo. Chini ya bati lile mbweko mmoja uliingia vyumba vyote vinane.

Mimi sikuusikia kama kelele, nakwambia ukweli. Niliusikia kama mwanaume yupo nyumbani. Mwanamke peke yake na mtoto, katikati ya wachimbaji waliotoka kila mkoa, mbwa akibweka nilikuwa nageuka upande wa pili nalala. Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo. Usingizi wangu niliupata kwa kuwakosesha wengine, na sikuuliza ni akina nani.

Mathayo alikuwa anafanya kazi usiku, kwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu kule bondeni. Anarudi asubuhi macho mekundu, anataka kulala, na hiyo ndiyo saa ambayo nyundo zetu na Meneja wanaanza zamu. Alivumilia mwezi mzima. Halafu akaja. Alisimama mbali kidogo na mlango wangu, akavua kofia, akasalimia vizuri. Akasema, "Mama Bhoke, samahani. Mbwa wako ananimaliza. Nikilala saa tatu, saa nne ameniamsha. Hebu tukae tuone tunafanyaje."

Tukae tuone tunafanyaje. Katika watu wote wa nyumba ile, ni yeye peke yake aliyewahi kuniambia neno hilo. Na mimi niliinuka na nyundo mkononi.

"Kamwambie mwenye nyumba akujengee ghorofa yako!" nikamwambia. "Mmeona hapa hakuna mwanaume, sasa mnataka na mbwa anyamaze? Kalale huko huko kwenye mtambo!"

Watu walitoka vyumbani. Niliongeza na mengine ambayo siyaandiki, unayajua, ulikuwa umesimama nyuma yangu umeshika sketi. Mathayo alirudisha kofia kichwani akaingia ndani kwake. Mama Marwa alipiga makofi kabisa. "Umempa!" akasema. "Hawa watu wa kuja wanatuzoea sana."

Mama Marwa ndiye ninayetaka kukuambia habari zake. Unamkumbuka kama mama yako wa pili, na alikuwa. Alikuwa chumba cha pili, ukuta kwa ukuta na sisi. Ametoka Gorong'a kama mimi, Kikurya chetu ni kimoja mpaka matusi. Tulipika kwenye jiko moja, tukaponda rundo moja la mawe. Ulipougua malaria ile mbaya, yeye ndiye aliyekubeba mgongoni mpaka zahanati, mimi nikikimbia nyuma nalia kama mjinga. Wakati wa ugomvi na Mathayo alikuwa na Marwa mchanga, aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia, mtoto mdogo wa kutisha. Nilikuwa nasikia kilio chake kikipita juu ya ukuta. Nauliza, "Marwa vipi leo?" Mama yake anajibu, "Aa, tumbo tu hilo." Basi na mimi nampelekea dawa ya tumbo. Bhoke, nilimpelekea dawa ya tumbo mtoto aliyekuwa anashtuliwa na mbwa wangu, na mama yake akaipokea akasema asante.

Asubuhi moja Meneja hakubweka. Tulimkuta karibu na choo, mate yamemtoka mdomoni, amekauka. Ulilia mpaka ukatapika. Mimi nilikuuliza, "Nani alikuwa anampa chakula?" Ukasema, "Anko Mathayo. Anamrushia dagaa asubuhi akirudi kazini. Kila siku anamrushia, na Meneja siku hizi hambwekei."

Ulisema vizuri kabisa. Mtoto wa miaka tisa, uliona na ukasema ulichoona. Yule mtu alikuwa ameshindwa na mimi, akaamua kuelewana na mbwa. Alikuwa anampa dagaa zake mwenyewe ili wazoeane, apate usingizi, na alikuwa ameshaanza kufanikiwa. Yote hayo yalikuwa kwenye maneno yako. Mimi nilichukua dagaa nikaacha yaliyobaki.

Mpaka mchana nyumba nzima ilishakubaliana. Alilalamika mbele ya watu. Anafanya kazi kwenye dawa za kuchenjulia, na hapa kila mtu anajua dawa zile zinaua. Amempa dagaa. Mnataka nini tena? Mwenyekiti wa kitongoji akaitwa, na wazee wawili. Nilikusimamisha mbele yao. Nilikuwa nimekushika mkono. Mzee akakuuliza umeona nini, ukasema, "Nilimwona anko Mathayo anamrushia Meneja dagaa." Ukavuta pumzi useme yanayofuata, nami nikakubana mkono.

Nilikubana kwa nguvu, vidole vyangu vilikuacha alama. Ukanitazama, ukanyamaza. Labda hukumbuki. Mimi nakumbuka kila ninapokuona umeshika mkono wa mgonjwa.

Kwetu, jambo likikosa ushahidi wa kutosha watu wanaapa. Mzee mmoja aliweka mnyororo wa Meneja chini katikati ya ua, akasema kila mpangaji auruke na kusema, "Kama ni mimi, uzao wangu usione mavuno." Watu walipanga mstari. Wakaruka, mmoja mmoja. Mama Marwa aliruka na Marwa mgongoni, akasema maneno yote bila kukwama, kisha akaja akasimama kando yangu akanishika bega.

Ikafika zamu ya Mathayo. Akasema, "Mimi ni Msabato. Siruki mnyororo. Sikumuua mbwa, na neno langu ni hilo."

"Ruka tu, mura, kijana wangu," mzee akamwambia, tena kwa upole. "Kama hukufanya, kinakuuma nini?"

"Siruki. Imani yangu hainiruhusu."

Hapo ikawa imekwisha. Kama angekuwa mwongo angeruka na kurudi kulala, ndivyo waongo wanavyofanya. Lakini sisi tumelelewa tukijua anayekwepa kiapo ana jambo, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba mtu anaweza kuogopa kuapa kwa sababu anamwogopa Mungu wake. Mimi mwenyewe Jumapili nilikuwa kanisani mstari wa mbele. Mwenye nyumba alimpa mpaka jioni. Vijana hawakungoja jioni, walitoa godoro lake wakalitupa kwenye tope. Wale wa mtambo waliposikia kwamba anatoa dawa kazini kuulia wanyama wa watu, nao wakamfukuza. Nilimwona akifunga nguo zake kwenye shuka. Alipita mbele yangu akasimama.

"Mama Bhoke," akasema, "mbwa wako alikuwa ameshanizoea."

Nilidhani ananikejeli. Nilitema mate chini. Na wewe, kwa kuwa ulikuwa unaniiga kila kitu, ukatema pia.

Mengine unayajua. Mama Marwa na familia yake walihamia machimbo mengine baada ya mwaka, urafiki ukaendelea kwa simu na kwa misiba. Na ni kwenye msiba, miaka mitatu iliyopita, kule Gorong'a, ndipo nilipoujua ukweli. Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba na wanawake wengine tunamenya ndizi. Tunacheka habari za zamani, jinsi bati lilivyokuwa linavuja, jinsi yule wa chumba cha saba alivyokuwa anasali kwa sauti akijua tunamsikia. Mama Marwa akasema, anacheka bado, "Tuliishi vizuri sana pale. Isipokuwa yule mbwa wako. Nilimwekea dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye matumbo ya mbuzi, maana Marwa angekufa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwuliza, "Nani alimwekea?"

"Mimi." Akanitazama, kisu kimesimama. "Kwani wewe hukujua?"

"Kwa nini hukuniambia anakusumbua?"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa rafiki yangu. Nilikuona ulivyomfanya Mathayo alipokuambia." Halafu, taratibu kabisa, akamalizia, "Mimi nilidhani unajua siku nyingi. Nilidhani umeamua tu kumsukumia yule Mnatta, maana si wa kwetu."

Bhoke, nimeachwa na mume, nimezika mama yangu, mawe yamenikata vidole. Sijawahi kuumizwa kama nilivyoumizwa na mwanamke yule akiwa na ndizi mkononi. Si kwa sababu ya mbwa. Aliruka mnyororo na mtoto mgongoni, akaja akanishika bega. Miaka kumi na moja alikuwa ananiita rafiki. Na mbaya zaidi, alinidhania kwamba najua na nimeridhika, na hakuniona kuwa mtu mbaya kwa hilo! Aliniona mwenzake. Niliweka kisu chini nikaondoka msibani kabla ya kuzika, watu wakasema nimelemewa na huzuni.

Nitakuambia na jambo la aibu. Baada ya hapo nilianza kumchunguza Marwa. Nilikuwa nauliza watu, Marwa hajambo? Anaendeleaje shule? Nilikuwa nasubiri kile kiapo kimguse. Mtoto niliyempelekea dawa ya tumbo. Marwa ni kijana mzima, ana afya, ana nidhamu, na siku moja nilipojiona nimekasirika kwa sababu ni mzima, nilijiogopa.

Hasira yangu kwa mama yake haijaisha. Watu wa kanisa wataniambia nisamehe, na labda nitasamehe, lakini leo sijasamehe na sikudanganyi. Ananipigia simu, sipokei. Ila nikishamaliza kumlaani nabaki na lile jibu lake, ningekuambiaje. Ni kweli. Mlango wangu ulikuwa na mbwa nje na nyundo ndani. Aliyejaribu kubisha alitukanwa mbele ya watu, na aliyeogopa kubisha alipitia njia ya choo na matumbo yenye sumu. Alinisaliti, sitaki mtu anipunguzie hilo. Lakini ni mimi niliyewafundisha majirani zangu kwamba kwangu heri usaliti kuliko kusema.

Umesema ukifika Natta utafuga mbwa, kwa sababu nyumba za watumishi ziko karibu na pori na usiku fisi wanapita. Fuga. Sikukatazi. Lakini mtakuwa mmepanga mstari mmoja, walimu, nesi mwenzako, na mabwana wanaofanya kazi kwenye kambi za watalii ambao wanalala saa ambazo wengine wameamka. Na wewe ni nesi. Hakuna hata mmoja atakayekuja kukuambia mbwa wako anamnyima usingizi, maana kesho atataka sindano kwako. Watakuambia mbwa wako mzuri. Watakuambia ni tumbo tu. Kwa hiyo usikae kungoja walalamike. Nenda wewe, mlango kwa mlango, kabla mbwa hajafika, na urudi tena akishafika. Na akitokea mmoja mwenye kichwa kigumu akakujia uso umekunjamana, mpe kiti. Huyo mshike sana. Mimi wa kwangu nilimtupia godoro kwenye tope.

Sasa limebaki moja. Barua yako ya kupangiwa kituo ilipokuja, miezi miwili iliyopita, ukaniona nimejifunika uso kwa kanga ukadhani nalia kwa furaha. Juma lililofuata nilikuambia nakwenda Mugumu kuangalia bei ya mtama. Nilikwenda Natta. Nilitaka nikutangulie, nisafishe njia, ili ukifika uwe huna deni na mtu na mimi niwe sina haja ya kukuambia chochote.

Nilimpata kwake, anapalilia mihogo. Nywele zimeanza kuwa nyeupe. Alinitambua kabla sijasema jina. Akamtuma mkewe alete kiti na uji, nikanywa uji wa mtu yule. Nikamwambia yote, Mama Marwa, dawa ya ng'ombe, mkono niliokubana. Nikaomba radhi, nikapiga magoti kabisa, mkewe akaninyanyua.

Mathayo alitoa udongo kwenye jembe. Halafu akasema, "Mama Bhoke, mimi nilijua tangu siku ile kwamba sikumuua. Hukuwa na haja ya kuja mpaka Natta kuniambia. Mtoto je? Umemwambia?"

Nikasema bado.

"Yule mtoto alikuwa ananisalimia kila asubuhi akienda shule," akasema. "Siku ile alitema mate. Hilo ndilo nililoondoka nalo." Kisha akainuka akarudi kwenye mihogo yake. Hakunifukuza, lakini hakuniaga.

Nilirudi nyumbani nikiwa na maneno hayo, na bado nikanyamaza karibu miezi miwili. Nilikuwa nakutazama unavyopanga nguo, nasema kesho, nasema keshokutwa. Nilikuwa naogopa uso wako. Kumbe mimi kweli ni mwenzake Mama Marwa, aliniona vizuri. Miaka mitatu nimekulisha, nimecheka nawe, nimekushika bega, na hili ninalo kifuani.

Basi nimekuambia. Wewe hukumsingizia mtu. Ulisema kweli na mama yako akakukata maneno.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Kesho nitakuwa jikoni tangu alfajiri. Ukitoka chumbani ukapita bila kuniamkia, nitajua umesoma, na sitakuuliza. Begi nitalibeba mimi mpaka stendi hivyo hivyo.

Mama yako